Wijeti za kuazima bila kuvujisha memori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yametokana na maswali ninayoulizwa na vijana wanaotengeneza programu za wavuti hapa Lamu: za nyumba za wageni kule Shela, za mashua zinazopeleka watu Manda na Takwa, za maduka ya Langoni. Karibu kila programu ya aina hiyo ina wijeti ya kuazima, yaani kipande kilichotengenezwa na wengine unachokitia ndani yake. Kuna ramani, kalenda ya kuchagulia tarehe, chati ya mapato, kisanduku cha mazungumzo. Na nyingi nilizoletewa nizitazame zilikuwa zinavujisha memori mahali pale pale, yaani pale wijeti ya kuazima inapoungana na msimbo wetu wenyewe.

Kuvuja kwa memori ni nini hasa?

Kila programu yako inapounda kitu, kivinjari huitengea nafasi ya memori. Kuirudisha nafasi hiyo si kazi yako, kwa sababu JavaScript ina mzoa taka wake. Mzoa taka huyo huanzia kwenye mizizi, kama `window` (dirisha la ukurasa) na fanksheni zinazoendeshwa wakati huo, akafuata kila rejeo mpaka linapoishia. Alichokifikia hukiacha, asichokifikia hukifagia. Hana habari kama bado unakihitaji. Yeye huangalia tu kama njia ya kukifikia ingalipo.

Basi memori huvuja pale kitu ulichomalizana nacho kinapobaki kimefungwa kamba mahali. Nenda gatini uone: abiria wameshuka, tanga limekunjwa, nahodha amekwenda kula, lakini maadamu kamba iko kwenye nguzo, nafasi ile imeshikwa na mashua nyingine haipati pa kuegesha. Wijeti nayo hufunga kamba zake kwenye `window`, kwenye `document`, kwenye taima. Ukiifuta kwenye skrini bila kuzifungua kamba hizo, bado ipo.

Mbona tovuti za zamani hazikuwa na shida hii?

Baadhi zilikuwa nayo. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na ugonjwa mbaya zaidi: elementi za ukurasa zilihesabiwa marejeo kwa utaratibu mmoja na JavaScript ikazolewa taka kwa utaratibu mwingine, kwa hiyo elementi na fanksheni zikishikana mikono hakuna aliyeweza kuziachanisha. Ugonjwa huo umekwisha. Lakini siku zile, mara nyingi kila ukibonyeza kiungo ukurasa mpya ulipakiwa na wa zamani ukatupwa pamoja na uchafu wake. Programu za leo za ukurasa mmoja hazina bahati hiyo. Mtumiaji anadhani ametoka vyumbani akaenda kwenye mashua, ilhali kwa kivinjari ni ukurasa ule ule uliofunguliwa tangu asubuhi.

Programu yangu ni ndogo. Kuna haja ya kujisumbua?

Ipo. Nikueleze kilichonifundisha.

Niliwatengenezea nyumba moja ya wageni programu ya kubuki vyumba. Mapokezi wana tableti yenye memori ya gigabaiti 2, inawashwa alfajiri na programu haifungwi siku tatu nne. Kila mgeni akibuki, fomu inafunguka ikiwa na ramani ya mahali nyumba ilipo na kalenda ya tarehe, kisha inafungwa. Dada wa mapokezi akanipigia simu: “Kaka, asubuhi inakwenda vizuri, ikifika adhuhuri kalenda nabonyeza, namaliza chai ndipo ifunguke.” Jioni ukurasa unakuwa mweupe, unajipakia upya, na buking iliyokuwa nusu inapotea mgeni akiwa amesimama mbele yake na mizigo.

Kwa wiki nzima nilimwambia ni mtandao. Nilipokwenda mwenyewe nikaichomeka ile tableti kwenye kompyuta yangu, nikakuta kila fomu aliyofungua tangu asubuhi imeacha ramani yake nzima ndani ya memori. Yeye alikuwa amejitafutia dawa yake, kuizima na kuiwasha kila baada ya swala ya adhuhuri. Iliniuma, maana ile kazi ya ziada nilikuwa nimemtwika mimi.

Watu wetu wengi wanatumia simu na tableti za bei nafuu. Programu inayovuja kwenye kompyuta yako ya gigabaiti 16 huioni; kwao ndiko inakoanguka.

Ramani ya Leaflet inavujaje ikiwa nimeshaiondoa kwenye ukurasa?

Leaflet ni maktaba aliyoianzisha Volodymyr Agafonkin, ikatoka mwaka 2011, na kwangu ndiyo nyepesi kuliko nyingi kwa kazi za hapa. Unapoita `L.map`, ramani hujiandikisha kwa `window` ili ijue dirisha likibadilika ukubwa. Kamba ya kwanza ndiyo hiyo. `window` anamshika msikilizaji (fanksheni inayongoja tukio), msikilizaji anaishika ramani, ramani inashika kisanduku chake, tabaka zake, alama zote ulizoweka na vigae vyake vya picha. `window` ni mzizi, hafi mpaka ukurasa ufungwe. Basi ukikifuta kisanduku kwa `innerHTML = ''`, umekiondoa machoni tu.

Tazama uzito wake. Kigae cha kawaida kina pikseli 256 kwa 256, yaani 65,536. Kikifunguliwa ili kichorwe, kila pikseli huchukua baiti 4, jumla kilobaiti 256. Skrini inayohitaji vigae 20 ni megabaiti 5 kwa ramani moja. Kivinjari chenye akili kinaweza kuziachia picha zilizofunguliwa kikibanwa, lakini elementi zenyewe, alama na data uliyozifungia vinabaki.

Dawa ni mstari mmoja: ita `remove()` ya ramani kabla kisanduku hakijaondoka. Hapo Leaflet inafungua kamba zake yenyewe.

Kuna dalili ambayo wengi huitibu vibaya. Ukiingia kwenye fomu mara ya pili, Leaflet inaweza kutupa kosa kwamba kisanduku cha ramani kimeshaanzishwa. Nimeona watu wakilizima kwa kuifuta `_leaflet_id` kwenye elementi, au kwa kuipa elementi id mpya kila mara. Kosa linanyamaza, ramani ya zamani inabaki. Lile kosa lilikuwa linakuambia ukweli kwamba hukuifunga ya kwanza.

Kila maktaba inatumia neno gani la kufungia?

Hazikubaliani. Leaflet, MapLibre (nayo ya ramani) na TinyMCE husema `remove()`. Chart.js (ya chati), flatpickr (ya kalenda), FullCalendar, Swiper na CodeMirror 6 husema `destroy()`. Video.js na Monaco husema `dispose()`. Select2 huitwa kwa njia ya jQuery (maktaba kongwe ya JavaScript), `select2('destroy')`. Three.js ina shughuli zaidi, kwani jiometri, materiali na tekscha kila kimoja kina `dispose()` yake.

Tabia niliyojijengea: kabla sijaandika mstari wa kuianzisha wijeti, nafungua nyaraka zake nikatafuta neno la kuifungia, nikaliandika kwanza. Nisipoliona, natafuta wijeti nyingine.

Niliita destroy na bado inavuja. Kwa nini?

Hapa ndipo penye kazi. Nyaraka za maktaba zinakufundisha kuzifungua kamba za maktaba. Zile ulizozifunga wewe juu yake haizijui.

Ya kwanza na ya kawaida kabisa ni msikilizaji wako mwenyewe. Umeandika `window.addEventListener('resize', () => chati.resize())`. Chart.js ikishavunjwa, fanksheni hiyo ndogo bado imeshikwa na `window`, nayo inaishika `chati`. Halafu ukijaribu kumwondoa kwa `removeEventListener` ukiandika tena mshale ule ule, haifanyi kitu, kwa sababu kwa JavaScript hizo ni fanksheni mbili tofauti hata kama herufi zake zinafanana. `bind` nayo hutoa fanksheni mpya kila ikiitwa. Ama ihifadhi fanksheni kwenye jina moja, ama tumia `AbortController`: wape wasikilizaji wako wote `signal` moja, na siku ya kuondoka uite `abort()` mara moja, wote wanaachia pamoja. Napenda hii ya pili kwa sababu huhitaji kukumbuka orodha.

Ya pili ni taima. Programu za wenye mashua huku huonyesha saa za maji kujaa na kupwa, na mtu huweka `setInterval` ya kusoma upya kila dakika. Taima isiyofutwa kwa `clearInterval` ni mzizi, na kila ilichoshika kitaishi nayo.

Ya tatu ni wachunguzi, wanaofuatilia mabadiliko ya elementi: `ResizeObserver`, `IntersectionObserver`, `MutationObserver`. Kila mmoja ana `disconnect()`, muite.

Ya nne ni vitu vilivyopelekwa nje ya kisanduku. Kalenda ya flatpickr kwa kawaida haikai ndani ya fomu yako, inabandikwa kwenye `body`. Ukifuta fomu bila `destroy()`, kalenda zinalundikana chini ya ukurasa, zimefichwa. Fungua kichupo cha elementi ushuke mpaka mwisho wa `body`, mara nyingi utazikuta zimejipanga.

Ya tano ni wewe kuvunja isiyo yenyewe. Jina `chati` limeandikwa juu mara mbili, la kwanza likapotea, ukavunja la pili. Chart.js huweka daftari lake la chati zote zilizo hai, kwa hiyo iliyopotea kwako haijapotea kwake.

Na kabla hujalaumu mtu, futa `console.log(ramani)`. Vifaa vya msanidi vikiwa wazi, konsoli hukishika kila kitu ulichokichapisha ili uweze kukitazama tena. Nimewahi kukimbiza uvujaji wa namna hiyo mchana kutwa.

Nikiwa na jQuery ya zamani je?

Ondoa elementi kwa `.remove()` au `.empty()` za jQuery, zinafuta wasikilizaji na data zake. `.detach()` huviacha makusudi. Kwenye jQuery ya toleo la 1 hili lina uzito zaidi, kwani data zilikaa kwenye ghala moja la pamoja, `jQuery.cache`, na ukipita pembeni kwa `innerHTML` zilibaki humo.

Mtandao ukiwa wa polepole, wijeti inatokea baada ya mtu kuondoka. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na ni uvujaji ambao ukijaribu programu yako kwenye mtandao mzuri huwezi kuuona. Maktaba ya ramani ni nzito, kwa hiyo unaipakia pale tu inapohitajika. Mgeni yuko kwenye boti kati ya Mokowe na Lamu, mtandao unakatika na kurudi. Anafungua ukurasa, anachoka kusubiri, anarudi nyuma. Msimbo wa kufunga unaendeshwa, haukuti cha kufunga. Sekunde kumi baadaye maktaba inafika, na ramani inataka kuanzishwa kwenye kisanduku kisichokuwapo. Ukishikilia elementi hiyo kwenye jina, itaanzishwa kweli, na hakuna atakayeifunga tena.

Kwa React, maktaba ya kujengea kurasa kwa vipande viitwavyo komponenti, mimi huandika hivi:

```
useEffect(() => {
  const kisanduku = sanduku.current;
  let ameondoka = false;
  let ramani = null;

  import('leaflet').then((L) => {
    if (ameondoka) return;
    ramani = L.map(kisanduku).setView([-2.27, 40.90], 14);
  });

  return () => {
    ameondoka = true;
    if (ramani) ramani.remove();
  };
}, []);
```

Mstari wa `if (ameondoka) return` ndio unaozuia. Ili kujaribu, nenda kwenye kichupo cha mtandao cha DevTools (vifaa vya msanidi vya Chrome), chagua kasi ndogo kabisa, uingie na kutoka kabla ramani haijaonekana.

React inaianzisha wijeti yangu mara mbili. Ni hitilafu?

Hapana. Tangu React 18, ya Machi 2022, `StrictMode` wakati wa kutengeneza huweka komponenti, huiondoa, kisha huiweka tena, makusudi, ili ikuonyeshe kama usafi wako umekamilika. Ukiona ramani mbili au kosa la kisanduku kilichoanzishwa, React imekugundulia uvujaji bure. Usiizime `StrictMode`, kamilisha fanksheni ya kufunga.

Na Vue, Angular, au elementi za wavuti zenyewe?

Mahali pa kuweka msimbo wa kufunga kwa Vue 3 ni `onBeforeUnmount`, wakati elementi bado ipo. Angular ni `ngOnDestroy`. Elementi maalumu za wavuti ni `disconnectedCallback`, lakini kumbuka hiyo huitwa hata elementi inapohamishwa tu kutoka mahali hadi pengine.

Kwa Vue nina onyo moja zaidi. Usiitie ramani au chati ndani ya `ref` ya kawaida. Vue itaifunika yote kwa proksi (kifuniko kinachofuatilia kila badiliko) mpaka ndani kabisa, programu itakuwa nzito na mambo ya ajabu yatatokea. Tumia `shallowRef` au `markRaw`.

Kisanduku cha mazungumzo tulichopewa na kampuni ya nje hakina njia ya kukifunga. Nifanyeje?

Wijeti nyingi za aina hiyo ni skripti moja unayoibandika, nayo inaandika majina yake kwenye `window` na kutundika vitu vyake kwenye `body`. Zilitengenezwa zikidhani ukurasa utafungwa siku moja. Usiiweke ndani ya komponenti inayoingia na kutoka. Ipakie mara moja kwenye ganda la programu, sehemu isiyobadilika kurasa zikibadilika, halafu uifiche na kuionyesha. Moja iliyokaa daima haina madhara. Madhara ni kumi zilizolundikana.

Kama huiamini hata kidogo, iweke ndani ya `iframe`. Iframe ina `window` yake, na ukiiondoa kwenye ukurasa, kila ilichofunga humo ndani huenda nayo. Ila angalia upande wako: msikilizaji wa `message` uliyemweka kwenye `window` yako kupokea ujumbe kutoka kwake ni wako, umwondoe, na usibaki umeshika rejeo lolote la `contentWindow`.

Nitajuaje kama inavuja, na si hisia tu?

Pima. Fungua Chrome kwa hali fiche ili viongezi visikuchanganye. Ingia kwenye ukurasa wenye wijeti na utoke mara moja, kwa sababu mara ya kwanza huwa kuna vitu vinavyowekwa akiba kihalali. Fungua DevTools, kichupo cha Memory, upige picha ya memori (heap snapshot). Sasa ingia na utoke mara 7, upige ya pili. Kivinjari huzoa taka kabla ya kila picha, kwa hiyo kilichobaki kimeshikwa kweli. Linganisha picha mbili.

Nachagua 7 kwa sababu si nambari inayotokea ovyo. Ukiona aina ya kitu iliyoongezeka 7, au 14, au 21 kamili, umeipata. Kisha andika `Detached` kwenye kisanduku cha kuchujia uone elementi zilizoondolewa kwenye ukurasa lakini zingali hai. Chagua moja, tazama chini kwenye orodha ya wanaoishika, na uifuate kamba hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye `window` au taima. Mahali pale msimbo wako unapotajwa katika mlolongo ule ndipo pa kurekebisha. Mara ya kwanza orodha hiyo inatisha, ya tatu unaisoma kama barua.

Memori yangu inapanda kisha inashuka. Ni kuvuja?

Siyo lazima. Ni kama bahari yetu, hujaa na kupwa. Usitazame ilipojaa, tazama inapopwa, yaani baada ya kuzoa taka. Kama kila ikipwa inaishia pale pale, uko salama. Kama kupwa kwa sasa kuko juu kuliko kupwa kulikotangulia, na kunakofuata kuko juu zaidi, inavuja.

WeakMap itanisaidia?

Kidogo. Ukitaka kuambatanisha data na elementi, `WeakMap`, ghala lisilofunga kamba kwenye funguo zake, haiizuii elementi kuzolewa. Lakini haiondoi msikilizaji wala taima. Isiwe kisingizio cha kutokuita `destroy()`.

Ramani zangu za MapLibre zinageuka tupu baada ya muda. Inahusiana?

Mara nyingi, ndiyo. Ramani hizo hutumia WebGL, njia ya kuchora kwa chipu ya michoro, na Chrome ya kompyuta huruhusu miktadha (nafasi za kuchorea) 16 tu iliyo hai kwa wakati mmoja. Ukizidisha, ile ya zamani kabisa hunyang'anywa. Kwenye simu kikomo ni kidogo zaidi. Ita `remove()`.

Kuna njia ya kujaribu bila kukaa nikibonyeza?

Ipo MemLab, iliyoachiwa na Meta kwa umma mwaka 2022. Unaiandikia hatua tatu, ukurasa wa kuanzia, tendo, na kurudi. Inaendesha kivinjari yenyewe, inapiga picha na kukuonyesha mlolongo wa wanaoshika. Nimeiweka iendeshwe kabla ya kila toleo la programu ile ya mapokezi.

Nikikuta uvujaji umo ndani ya maktaba yenyewe?

Hakikisha kwanza. Tengeneza ukurasa mtupu wenye maktaba hiyo tu na kitufe kimoja cha kuweka na kuondoa, ubonyeze mara 7. Ikivuja hapo, wapelekee wenye maktaba ukurasa huo huo; wanaujibu upesi kuliko maelezo marefu.

Wakati unasubiri, usiiunde upya. Unda ramani moja tu kwa programu nzima, ndani ya elementi unayoishika wewe, na kila ukurasa ukiihitaji uihamishie humo kwa `appendChild`. Ndivyo nilivyoifanya tableti ile kabla sijapata dawa kamili. Kwa Leaflet, ukishaihamisha ita `invalidateSize()`, la sivyo vigae vitachorwa kona moja na sehemu nyingine itabaki kijivu.